Stempu inayong'aa na pacha wake asiyeng'aa

*Mtaalamu, baba yangu mkubwa aliniachia albamu mbili za stempu. Nyingi ni za Uingereza zenye sura ya Malkia Elizabeth, nyingine ni za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, na chache ni za Kanada na Ujerumani. Nilisikia kwamba stempu hupakwa dawa inayong'aa, iitwayo fosfa, ili mashine za posta zizione, basi nikachukua tochi ya kukagulia noti bandia nikazimulika humo humo kwenye vifuko vyake vya plastiki. Baadhi ziliwaka vizuri. Nyingine hazikuonyesha chochote, hasa za Marekani. Nina mbili za buluu za Uingereza za daraja la pili, lile la nauli nafuu, zinafanana kama mapacha, lakini moja inang'aa na nyingine hapana. Kuna bahasha kuukuu iliyowaka buluu kuliko hata stempu iliyobandikwa juu yake. Muuzaji mmoja ananiambia stempu isiyong'aa ni kosa la kiwandani na ni adimu, naye anataka kuniuzia moja kwa bei ya mara nyingi ya stempu ya kawaida. Je, ninunue? Na hizi zangu zisizong'aa nazo ni mali? Halafu hii fosfa si sumu, au yenye mionzi ya hatari? Watoto wanazishika albamu hizi. Na nikitaka kuzitoa kwenye vipande vya bahasha, nikiziloweka mng'ao hautatoka?*

Pole kwa kuondokewa na baba mkubwa, na hongera kwa kuufungua urithi wake badala ya kuuacha uliwe na mende kabatini. La muuzaji nalijibu mapema kwa sababu lina haraka: usinunue bado. Kwa jinsi ulivyozimulika stempu zako, hakuna mtu, mimi nikiwemo, anayeweza kusema ipi ina fosfa na ipi haina. Tochi yako ni ya aina isiyoweza kuamsha sehemu kubwa ya stempu ulizozitaja, na plastiki uliyozifunikia imezidi kuificha habari yenyewe.

Tuondoe kwanza hofu ya watoto. Jina "fosfa" linawachanganya wengi, wakadhani ni fosforasi, ile inayowaka moto na yenye sumu. Sivyo. Fosfa ni jina la jumla la kitu chochote kinachopokea mwanga wa aina moja na kutoa wa aina nyingine, na kwenye stempu za Marekani, kwa mfano, ni silikati ya zinki au ya kalsiamu, unga ulio jamii moja na madini ya mawe. Wala hakuna mionzi ya nyuklia. Saa za zamani zilizong'aa gizani usiku kucha zilitiwa radiamu, na radiamu ndiyo iliyokuwa inauchochea ule unga wake uwake bila kupumzika. Stempu haina kichocheo ndani yake. Iweke gizani bila taa na itabaki giza kama karatasi nyingine yoyote. Watoto wakishika albamu, cha kuogopa ni jasho la vidole vyao juu ya stempu, si stempu juu ya vidole vyao.

Sasa kwa nini posta zilihangaika na haya yote? Barua zikimwagwa kutoka kwenye sanduku zinalala kila upande: nyingine kifudifudi, nyingine kichwa chini. Bahasha ya kawaida ikisimamishwa juu ya ukingo wake mrefu ina namna nne za kukaa, na katika hizo ni moja tu inayoiweka stempu mahali muhuri unapogonga. Kwa miaka mingi kazi ya kuzigeuza ilikuwa ya mikono ya watu, chumba kizima cha watu, usiku hadi usiku. Ili mashine iifanye, ilipaswa kujua jambo moja tu: stempu iko kona ipi. Haikuhitaji kusoma anwani wala thamani ya stempu. Ilihitaji alama isiyopatikana mahali pengine popote juu ya bahasha.

Waingereza walianza na umeme. Novemba 1957, kwa ajili ya majaribio ya Southampton, zilitolewa stempu zenye mistari myeusi ya grafiti iliyochapwa nyuma, chini ya gundi, kwa kuwa grafiti hupitisha umeme na mashine iliweza kuihisi. Kuzitambua hizo hakuhitaji taa yoyote. Geuza stempu tu. Kama kwenye albamu yako zimo zile zenye picha ya malkia kijana iliyopigwa na Dorothy Wilding, zilizotumika tangu 1952 mpaka miaka ya 1960, zitazame mgongoni kabla ya kitu kingine. Miaka miwili baadaye, Novemba 1959, zikaja zenye grafiti nyuma na mikanda ya fosfa mbele kwa pamoja, na baada ya hapo grafiti ikaachwa na mwanga ukachukua kazi.

Na hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Mionzi ya urujuanimno ni mwanga ambao jicho halioni, wenye nguvu kuliko ule wa zambarau. Unapoipiga fosfa, elektroni zake husukumwa kwenye ngazi ya juu ya nishati. Haziwezi kukaa huko. Zinaposhuka hupoteza nishati kidogo kama joto na kutoa iliyobaki kama mwanga, na kwa kuwa imepungua, mwanga huo huwa dhaifu kuliko ulioingia: umeingia usioonekana, umetoka wa kijani, wa manjano au mwekundu. George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852, na mpaka leo tofauti kati ya mwanga unaoingia na unaotoka inaitwa kwa jina lake.

Elektroni hazishuki zote kwa mwendo mmoja. Katika vitu vingine hushuka mara moja, ndani ya sehemu za bilioni ya sekunde, hivyo mng'ao hufa papo hapo taa inapozimwa. Katika vingine hunaswa njiani na kuteremka polepole, na mng'ao unabaki kwa muda baada ya taa kuondoka, kama chungu kinachoendelea kutokota baada ya kuepuliwa. Mng'ao wa papo na mng'ao unaobaki ni vitu viwili tofauti, na posta zilizochagua ule unaobaki zilikuwa na sababu nzuri, ambayo ni ile bahasha yako ya buluu.

Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zimetiwa dawa za kung'arisha, zile zile za jamii ya sabuni za unga zinazofanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Dawa hizo hunyonya urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu, kwa nguvu sana. Bahasha yako haina fosfa wala si ya ajabu. Ni karatasi nyeupe ya kisasa inayofanya kazi yake. Lakini fikiria mashine ingefanyaje kama ingetafuta mng'ao wowote tu: ingeona bahasha nzima inawaka na kugonga muhuri popote. Dawa ya karatasi, hata hivyo, hufa papo hapo. Mashine ikiimulika barua, kisha ikatazama baada ya muda mfupi mno wakati barua imeshapita mbele ya taa, bahasha imekwisha kuzima na kilichobaki kikiwaka ni stempu peke yake. Mimi naona ni moja ya suluhisho safi kabisa katika historia ya posta. Nchi nyingine zilichagua kutofautisha kwa rangi ya mng'ao badala ya muda wake, nayo inafanya kazi, ila inadai kichujio kizuri cha rangi mbele ya kihisi.

Tuje kwenye tochi yako. Urujuanimno umegawanyika, na wakusanyaji stempu wanaujua kwa majina mawili: mawimbi marefu, yaliyo karibu na nanomita 365, na mawimbi mafupi, nanomita 254, ambayo hutoka kwenye taa ya mvuke wa zebaki. Tochi za noti karibu zote ni za mawimbi marefu, na zile za bei ya chini huwa na nanomita 395, ambayo tayari ni zambarau inayoonekana kwa macho. Ndiyo maana kila kitu chini yake kinaonekana kimepakwa zambarau. Chembe moja ya mwanga wa nanomita 254 hubeba nishati ya elektrovolti 4.9 hivi. Ya nanomita 365 hubeba 3.4. Silikati ya zinki iliyotiwa manganisi, ambayo ndiyo fosfa ya stempu nyingi za Marekani, inahitaji chembe yenye nguvu ile ya kwanza ili elektroni zake ziinuke. Chembe dhaifu hata zikiwa milioni hazifiki. Kwa hiyo stempu zako za Marekani hazikuwaka kwa sababu ya tochi, na zingeweza kuwa na fosfa tele na bado zisikuonyeshe chochote.

Hata ungekuwa na taa sahihi, vifuko vingekuangusha. Plastiki nyingi zilizo wazi kabisa kwa macho yetu ni ukuta kwa mawimbi mafupi. Kioo cha dirisha ni hivyo hivyo. Stempu itolewe kwenye kifuko kwa kibano, ilazwe juu ya kadi nyeusi, ndani ya chumba cha giza, na macho yapewe muda wa kuzoea giza. Ukweli huo wa kioo una faida pia. Siku utakayonunua taa ya mawimbi mafupi, mulika stempu unayojua kwa hakika ina fosfa ya Marekani, kisha katisha kipande cha kioo cha kawaida kati ya taa na stempu. Mng'ao ukizimika au ukififia sana, taa yako ni ya kweli. Ukibaki vile vile, umeuziwa mawimbi marefu yenye jina la mawimbi mafupi, na hilo linatokea mara nyingi. Jua pia kwamba kichujio cheusi kilicho mbele ya taa hizi huchoka kwa kupigwa na mionzi yake yenyewe, hivyo taa ya mtumba inaweza kuwaka na isiwe na nguvu.

Mapacha wako wa Uingereza sasa wanaeleweka. Fosfa ya Waingereza haikuwa moja. Mikanda ya kwanza ya mwaka 1960 ilibaki na mng'ao wa kijani, ya mwaka uliofuata wa buluu, na kutoka 1965 wa zambarau. Hizo zinataka mawimbi mafupi, na ukizima taa ghafla mng'ao unaobaki unaonekana kwa kitambo kifupi sana. Inabidi uwe unaitazama stempu na si taa. Kuanzia miaka ya 1990 ilitumika fosfa ya manjano, na baadaye ya buluu iliyochanganywa na dawa ya mng'ao wa papo, ambazo huitikia hata tochi ya noti. Stempu ya buluu ya daraja la pili ilichapwa kwa miaka mingi ikapitia mabadiliko haya bila sura yake kubadilika. Yule anayeng'aa kwa tochi yako inaelekea ni wa toleo la baadaye, na pacha wake ni wa toleo la mapema. Wote wawili wanaweza kuwa wazima na wa kawaida kabisa.

Mtego mwingine wa Uingereza ni idadi ya mikanda. Mtu huona stempu ina mkanda mmoja na jirani yake ina miwili, akatangaza kwamba mmoja umesahauliwa. Mikanda hiyo ilikuwa lugha. Hata zile za grafiti, stempu ya peni mbili ilikuwa na mstari mmoja wakati nyingine zilikuwa na miwili, ili mashine iyatenge machapisho yenye nauli nafuu. Tarehe 16 Septemba 1968 posta ya Uingereza ilipoanzisha daraja la kwanza na la pili, utaratibu huo ukawa na kazi kubwa zaidi: mikanda miwili kwa daraja la kwanza, mmoja kwa la pili, na mashine ikazigawa barua katika mafungu mawili wakati ule ule inapozigeuza. Daraja la pili lenye mkanda mmoja ndivyo lilivyokusudiwa kuwa. Halafu kuna stempu zilizochapwa kwenye karatasi iliyopakwa fosfa yote. Hizo hazina mkanda wa kuonekana na hung'aa uso mzima. Kwa zile za Machin, muundo wa kichwa cha malkia uliotoka Juni 1967, jaribu kwanza njia isiyo na gharama: ishike stempu usawa wa jicho, iinamishe kuelekea dirisha, na uangalie uso wake mwanga ukiteleza juu yake. Mara nyingi mikanda itajitokeza kwa wepesi wa mng'aro wake, iking'aa zaidi au kufifia kuliko karatasi iliyo kando.

Marekani walianza tarehe 1 Agosti 1963 huko Dayton, Ohio, kwa stempu ya senti 8 ya barua za ndege, yenye picha ya ndege juu ya jengo la Bunge. Barua za ndege zilipewa silikati ya kalsiamu, inayotoa mwanga mwekundu wa machungwa. Za kawaida zilipewa silikati ya zinki, inayotoa kijani chenye manjano. Mashine iliutazama mwanga na kujua barua ya ndege ni ipi. Kilichofuata ndicho kinachokuhusu zaidi: kwa miaka kadhaa stempu ile ile ilitolewa kwa namna mbili, yenye fosfa na isiyo nayo, zote kwa makusudi. Lincoln wa senti 4 na Washington wa senti 5, wa ule mfululizo wa watu mashuhuri wa Marekani ulioanza 1965, wapo kwa namna zote mbili. Isitoshe, stempu zilizogongwa muhuri tangu kiwandani kwa ajili ya makampuni yenye barua nyingi ziliachwa bila fosfa, kwani hazikuhitaji kupita kwenye mashine ya mihuri. Na katika miaka ya baadaye stempu za thamani ndogo sana nazo zikaachwa bila kupakwa. Ukikutana na stempu ya Marekani isiyong'aa hata kwa taa sahihi, swali la kwanza ni kama iliwahi kutolewa hivyo rasmi. Katalogi nzuri, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu, hulijibu hilo kwa mstari mmoja.

Za Ujerumani si ngumu. Majaribio ya Darmstadt ya mwaka 1960 yalitumia karatasi iliyotiwa dawa ya mng'ao wa manjano iitwayo Lumogen, na stempu nyingi za nchi hiyo zilizofuata zinaitikia mawimbi marefu, hivyo tochi yako inazitosha. Za Kanada nataka uzishughulikie kabla hujalala leo. Walianza Winnipeg mwaka 1962 na mikanda ya fosfa isiyo na shida. Mwaka 1972 wakaleta mfumo mpya, na dawa ya awali ya mfumo huo, iliyojulikana kama OP-4, ikagundulika kuwa inahama. Inatoka kwenye stempu na kuingia kwenye karatasi inayoigusa: ukurasa wa albamu, bahasha, stempu ya jirani. Walibadilisha wakatumia OP-2, isiyohama, lakini zile za mwanzo bado zimo ndani ya albamu za watu na bado zinahama. Mulika kurasa za Kanada zenyewe, si stempu tu. Ukiona kivuli chenye mng'ao kwenye karatasi mahali stempu ilipogusana nayo, itoe stempu hiyo na kuiweka peke yake ndani ya kifuko cha poliesta. Stempu iliyopokea mng'ao wa jirani imekuwa na alama isiyo yake, na hapo ndipo baadhi ya "adimu" za mitaani zinapozaliwa.

Sasa naweza kulirudia suala la muuzaji kwa haki. Makosa ya fosfa kusahauliwa yapo kweli. Fosfa mara nyingi huchapwa kama rangi nyingine yoyote, kwa silinda yake, na silinda ikikosa wino au karatasi ikipita mara mbili au kando, stempu hutoka bila mkanda, au na mkanda mmoja badala ya miwili, au mikanda imehama kwenda katikati. Baadhi ya makosa hayo yana bei kubwa. Mengine, kwa kuwa yalitoka kwa maelfu, yana bei ya kawaida mno hata kama yako kwenye katalogi. Ukosefu wa mng'ao peke yake hauiamui bei. Tatizo ni kwamba ukosefu ni rahisi kuutengeneza. Mkanda ulio juu ya uso wa stempu unaweza kufutwa kwa raba, au kutolewa kwa dawa. Stempu iliyokwisha kutumika, ikabandikwa, ikasafiri, ikalowekwa, haiwezi kuwa ushahidi wa chochote, kwa sababu hakuna awezaye kusema fosfa ilitoka lini. Stempu inayoaminika ni isiyotumika, yenye gundi yake kamili, na bora zaidi ikiwa bado imeunganika na mwenzake mwenye fosfa, moja inayo, moja haina, kwenye kipande kimoja cha karatasi. Stempu iliyofanyiwa hila mara nyingi hujisema kwa lenzi: nyuzi za karatasi zimesimama, rangi imepauka kwenye mstari mahali mkanda ulipokuwa, mng'aro wa uso umekufa, gundi imevurugika. Ila kuna mafundi wanaofanya vizuri zaidi ya hapo, na kwa hao jicho langu na lako havitoshi.

Kuhusu kuloweka. Maji safi ya baridi, bila sabuni ya aina yoyote, kwa muda mfupi tu unaotosha gundi kuachia, hayawezi kuing'oa fosfa iliyochapwa vizuri. Sabuni inaacha dawa yake ya kung'arisha kwenye karatasi na stempu yako itang'aa buluu maisha yake yote. Hata bahasha nyeupe sana au ya rangi ikilowekwa pamoja na stempu nyingine inaweza kuwaambukiza wenzake. Loweka chache chache, za karatasi ya aina moja, badilisha maji. Usisugue uso. Kausha kati ya karatasi za kunyonyea zisizo nyeupe kupita kiasi. Stempu za kisasa za kujibandika zenyewe nyingi haziachii kwenye maji, na ukilazimisha utazichana. Zikate na kipande cha bahasha, acha ukingo pande zote, uziweke hivyo. Na ile bahasha kuukuu usiikate kabisa. Stempu juu ya bahasha yenye muhuri unaosomeka inaeleza ilitumika wapi na lini, na kwa stempu za majaribio kama za Southampton, habari hiyo mara nyingine ni ya thamani kuliko stempu yenyewe. Kama nyuma ya bahasha utaona vimistari vya rangi ya machungwa vinavyowaka kwa tochi, hiyo ni alama ya utambulisho iliyochapwa na mashine za posta ya Marekani, haihusiani na stempu.

Ukifikiria kuzitumia stempu za zamani zisizong'aa kutuma barua, barua haipotei. Mashine ikikosa alama huisukuma pembeni na mtu huishughulikia kwa mkono, labda ichelewe. Mashine za leo zina kamera pia na hazitegemei mng'ao peke yake. Lakini kwa Uingereza angalia jambo lingine: stempu za kawaida zenye sura ya malkia zisizo na msimbo pau zilikoma kukubalika baada ya tarehe 31 Julai 2023. Za kumbukumbu na za Krismasi hazikuguswa na uamuzi huo.

Naja kwenye taa, na hapa naomba unisikilize kama mtu anayeyajali macho yako. Mawimbi mafupi huunguza uso wa jicho. Hayaumi wakati yanapounguza. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho huwasha kama yametiwa mchanga, hutoa machozi na hayawezi kustahimili mwanga. Usiitazame taa ikiwa imewashwa, elekeza mwanga chini mbali na uso, vaa miwani ya kinga inayofunika hata pembeni, na usiache ngozi ya mikono ikimulikwa kwa muda mrefu. Watoto wasiwemo chumbani. Taa zikivunjika zina zebaki, kwa hiyo fungua madirisha, usifagie kwa ufagio, kusanya vipande kwa karatasi ngumu. Ukipata dalili nilizozitaja nenda hospitali uonane na mtu wa macho siku hiyo hiyo. Usitie matone ya kununua kwa kukisia.

Kama baada ya kumulika upya kwa taa sahihi, nje ya plastiki, na kulinganisha na katalogi, bado una stempu isiyotumika ambayo ilipaswa kuwa na fosfa na haina, usiiguse zaidi, na usiimulike kila mgeni anapokuja. Ipeleke kwanza kwenye chama cha wakusanyaji stempu ikatazamwe na watu wenye taa na sampuli za kulinganishia. Wakiona ina uzito, ipelekwe kwa kamati ya uthibitishaji. Royal Philatelic Society London inayo, na American Philatelic Society nayo inatoa huduma hiyo kwa ada. Ada hiyo ndiyo inayoamua kama inafaa: kwa stempu ambayo hata ikithibitishwa bei yake haifikii gharama ya cheti, iache kwenye albamu uifurahie.

Muuzaji wako mwulize mambo mawili tu. Je, stempu ina cheti chenye picha yake? Kama haina, je, yuko tayari uweke malipo chini ya sharti kwamba kamati ikiikataa anakurudishia fedha yote, kwa maandishi? Muuzaji mwenye stempu ya kweli huzoea masharti hayo na hatakasirika. Akikataa yote mawili, mwachie stempu yake, na fedha hiyo nunulia taa ya mawimbi mafupi na miwani yake. Baba mkubwa amekuachia kazi ya kutosha humo ndani. Anza na zile kurasa za Kanada.